Karakana ya Wasomaji: Pistoni mpya, mbona imekwama tena?

Swali: Nina Yamaha DT125 ya kupozwa kwa hewa, ya tu-stroki (inachoma oili pamoja na petroli), naitumia njia za mashambani. Ilikwama, nikafunga pistoni na ringi mpya za standadi. Haikumaliza mwezi, imekwama tena. Fundi anataka tuchonge silinda tuweke pistoni ya 50, yaani iliyozidi standadi kwa milimita 0.50. Itatosha? – *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Kuchonga huenda ukachonga, ila peke yake hakutoshi. Injini iliyokwama mara mbili ndani ya muda mfupi ina sababu, na mara nyingi sababu iko nje ya pistoni. Ile iliyoharibika usiitupe, itazame kwanza.

Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi tu, injini ilikosa oili au ilivuta hewa nyingi mno kwa petroli kidogo. Ikiwa sehemu nne kuizunguka, pistoni ilivimba kabla silinda haijapata moto: ama nafasi ilikuwa ndogo mno, ama pikipiki ilikimbizwa ikiwa baridi. Upande wa kabureta ukiwa umefifia kama uliopigwa msasa, hilo ni vumbi, na filta ndiyo ya kulaumiwa.

Hewa isiyotakiwa hupenya kwenye mpira wa kabureta uliopasuka, gasketi ya chini ya silinda, au sili ya krankshafti upande wa magneto. Sili ya upande wa klachi ikifa, utaona moshi mweupe mzito na oili ya giaboksi ikipungua bila tone chini. Mpira wa oili unaotoka kwenye tanki ndogo kwenda kwenye pampu nao ukaguliwe: ukiwa na mapovu, pampu itolewe hewa kabla ya kuwasha.

Sasa vipimo. Silinda ya DT125 ni milimita 56 ikiwa mpya. Ipime juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Tofauti ya juu na chini ikizidi milimita 0.05, au umviringo ukipotoka zaidi ya 0.01, chonga. Lakini mbona arukie 50? Kama 25 (milimita 0.25) inaondoa mikwaruzo yote, anza na 25. Kila saizi unayoiruka ni uhai wa silinda umeutupa.

Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke kwa mchongaji pamoja na silinda, achonge kuifuata hiyo hiyo. Pistoni hupimwa kwenye sketi (ukuta wake wa chini), kama milimita 10 kutoka chini, kukingama na pini. Nafasi kati yake na silinda iwe kama 0.04 hadi 0.05, isipokuwa boksi la pistoni limeandika vingine. Anayekuambia “ikiingia kwa mkono inatosha” hajapima kitu.

Silinda ikitoka kuchongwa, kingo za matundu yaliyo ukutani mwake huwa kali na hukata ringi, kwa hiyo zilainishe kwa jiwe la kunolea. Kisha ioshe kwa maji moto na sabuni. Petroli peke yake huacha unga wa mawe kwenye mistari. Pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka cheusi, rudia.

Sukuma ringi ndani milimita 20 kwa kutumia kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia): milimita 0.30 hadi 0.45. Herufi za ringi zitazame juu, ncha zikae kwenye pini zake ndogo, mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Ziba mdomo wa krankkesi kwa kitambaa wakati wa kuweka klipu za pini ya pistoni, na klipu ziwe mpya daima. Silinda ishuke wima. Ukiizungusha, ncha ya ringi huingia kwenye tundu na kukatika.

Ukishafunga, kabla ya kuwasha, shusha pistoni chini kabisa, ziba ekzosi na njia ya kabureta, jaza hewa hadi psi 6, usizidishe. Geji ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, paka maji ya sabuni utafute povu.

Swali: Nimenunua YZ125 iliyotumika. Naweza kuichonga vivyo hivyo? – *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Hapana. Silinda yake ni alumini iliyopakwa nikasili, gamba jembamba gumu lenye nikeli. Jiwe la mchongaji litaiondoa. Ikibanduka, hupakwa upya na karakana maalumu au hubadilishwa. Halafu YZ haina pampu ya oili: changanya kwenye petroli, 1 kwa 30, yaani mililita 167 kwa lita 5.

Swali: Injini ikishafunguliwa na kufungwa, niizoeshe vipi? – *Msomaji, Tanga*

Jibu: Washa hadi mapezi ya silinda yashindwe kushikika kwa mkono, zima, acha ipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Kisha endesha taratibu ukibadilisha mwendo, bila kufungua mafuta yote na bila kupanda mlima mrefu kwa gia kubwa. Hata kama una pampu, tanki la kwanza ongeza oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Baada ya safari ya kwanza kaza tena nati za kichwa kwa msalaba, injini ikiwa baridi.