Kompyuta inayopozwa kwa maji: nimwage kabla ya safari?

SWALI: Ndugu mafundi, nimehamishiwa kazi Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kompyuta yangu ya mezani inapozwa kwa maji, prosesa na kadi ya grafiki pamoja. Ina pampu aina ya D5 iliyoshikana na tangi, rejeta mbili za kutoa joto kwenye maji, na mipira laini ya kuyapitisha. Itasafiri kwenye buti la basi. Nimwage maji yote au niifunge vizuri tu? – Msomaji, Temeke

JIBU: Mwaga. Kuhama mtaa kwa mtaa, kompyuta ikiwa wima ndani ya gari lako, ungeweza kuiacha imejaa. Kilomita 450 hivi chini ya basi ni jambo jingine. Mtikisiko wa saa nyingi hulegeza nati za viungio kidogo kidogo, na mtu wa mizigo anaweza kuilaza vyovyote bila wewe kujua. Maji yakivuja humo, utayagundua umeshafika.

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 5 ili chaji iliyobaki iishe. Weka beseni chini ya koki ya kumwagia. Kama haipo, fungua mpira ulio chini kabisa, taulo likiwa tayari. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha juu cha tangi. Bila hewa kuingia maji hugoma, kama kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja. Usiwashe pampu ili isukume yaliyobaki: D5 hulainishwa na kupozwa na maji hayohayo, ikizunguka kavu inaharibika.

Pima yaliyotoka. Kama ulijaza lita 1 na zimetoka mililita 700, zile 300 bado zimo, hasa kwenye rejeta. Inamisha kasha huku na huku mpaka matone yakome, kisha ziba kila tundu kwa kizibo chake.

Sasa mipira ya kadi ya grafiki imeshakuwa mitupu, basi itoe kadi yenyewe. Ikiwa na bloku yake ya shaba (kipande kinachopitisha maji ya kuipoza) ni nzito mno kuning'inia kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, njia nzima. Itie kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli. Kioo cha ubavuni kifungwe peke yake. Diski kuu ya kuzunguka, kama unayo, ibebe mkononi. Kasha lirudi kwenye boksi na sponji zake, likilazwa ubavu wenye mazabodi ukiwa chini, ili vilivyobaki viigandamize badala ya kuivuta. Ukiweza, ikatie tiketi ikae kitini kando yako. Nauli hiyo ni ndogo kuliko bei ya kadi.

Dodoma, usijaze maji ya bomba wala ya kunywa ya chupa. Madini yake huganda kwenye mifereji myembamba ya bloku. Tumia kulanti (kioevu cha kupozea) ya kompyuta au maji yaliyokenekwa yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ukienda duka la vipuri kuomba maji ya betri, ambayo ndiyo hayo yaliyokenekwa, soma lebo, maana asidi ya betri huuzwa palepale.

Kaza viungio kwa mkono. Ukitumia koleo unaiponda oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, na ndipo panapovuja. Kisha jaribu kabla mazabodi haijapata umeme: chomoa waya zote za pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) isipokuwa ya pampu, na kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote. Waya zote zikiwa nyeusi, usibahatishe. Tumia kiunganishi maalumu cha kazi hiyo. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla halijakauka, ongeza, rudia. Likitulia, tandaza tishu nyeupe chini ya kila kiungio na uache pampu izunguke usiku kucha. Tishu ikilowa, zima na ukague oringi. Tangi kupungua kidogo siku za mwanzo ni hewa inayotoka, ongeza tu.

SWALI: Yangu pia inapozwa kwa maji, lakini ni ule mfumo uliofungwa kiwandani, wenye rejeta ya milimita 240. Nayo niimwage? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, usiifungue kabisa. Kaza skrubu za rejeta, hakikisha mipira haijakunjwa, toa kadi ya grafiki na usafirishe. Ukifika, mlio wa maji kubwatika kwa dakika chache ni hewa iliyohama. Inamisha kasha taratibu na utapotea. Pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote, maana hewa itakusanyika humo. Ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuanza, uangalie kasi ya pampu na joto la prosesa. Kasi ikisomeka sifuri, kagua kwanza waya wa pampu, huenda umechomoka njiani. Joto likipanda kupita nyuzi 90 ukiwa bado BIOS, zima mara moja: ama pampu imekufa, ama bloku imeachana na prosesa na inahitaji kubandikwa upya kwa pesti mpya ya kupitisha joto.