Shangazi, siku yetu ya ndoa ameimalizia kwenye ndege za vita

Msomaji wetu aliyeko London anaandika: "Siku tuliyotimiza miaka kumi ya ndoa, mume wangu aliniambia nipendeze, tunatoka. Nikavaa viatu vya kisigino. Kumbe ananipeleka Duxford, karibu na Cambridge, kwenye makumbusho ya ndege za kivita! Tumezunguka mabanda saa tano nzima, miguu inawaka moto. Mwishowe akasimama mbele ya ndege moja kuukuu, Dakota, kimya kwa muda mrefu. Nilipomvuta mkono akasema, 'Aina hii ndiyo iliyomlisha babu Burma.' Nikamjibu, 'Babu yako alilishwa na bibi yako, twende zetu.' Hii wiki ya tatu ananijibu ndiyo na hapana tu. Shangazi, kosa langu lipi?"

Mwanangu, tuanze na miguu yako. Duxford ni kiwanja cha ndege hasa, cha jeshi tangu zamani. Ndege za kivita za Spitfire za kwanza kuingia kikosini zilipokelewa hapo mwaka 1938. Mpaka leo mtu hutoka banda hili kwenda lile akipigwa na upepo wa uwanjani. Kumpeleka mkeo huko na visigino, siku yenu, bila kumwambia mnakwenda wapi, ni kosa, na radhi hiyo wewe ndiye unayemdai mumeo. Hilo sitampunguzia.

Ila lile jibu lako nimelisoma mara tatu, na kila mara limenichoma.

Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), waliteremka bonde la Kabaw huko Burma wakiwafukuza Wajapani. Mvua za kule zilikuwa hazikatiki. Barabara zikawa tope, magari yakazama, malaria ikawaangusha watu. Chakula kilitoka juu. Dakota zilipita chini chini kati ya milima, watu wakisukuma mizigo mlangoni. Risasi zilishuka kwa miamvuli, lakini mchele mara nyingi ulitupwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia, la ndani likipasuka la nje lizuie. Mawingu yakifunga, ndege haiji, na mtu analala na alichonacho. Hivyo ndivyo walivyofika Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba mwaka huo.

Basi mumeo hakuwa anapiga porojo za ndege. Kama babu yake alikuwa bonde lile, gunia lililotoka kwenye mlango kama ule aliousimamia ndilo lililomrudisha nyumbani akaoa, akazaa, na leo una mume. Wazee wengi wa Keya walirudi wakanyamaza. Wajukuu wameokota kipande hapa kipande pale, nishani kwenye kopo la biskuti, picha iliyofifia. Yeye alipata mahali pa kukigusa kipande chake, akataka wewe uwepo. Tatizo ni kwamba hakufungua mdomo mapema. Angekusimulia mkiwa kwenye treni, ungevumilia hata kisigino. Wanaume wetu hufanya hivi sana: moyo umejaa, mdomo umefungwa, halafu wanakasirika hukuelewa.

Unaniuliza kosa lako lipi. Si kuchoka. Kosa ni kumtania marehemu mbele ya mjukuu wake, dakika ambayo mjukuu alikuwa analia bila machozi.

Usimwandikie ujumbe wa simu, na usianze na habari ya viatu. Hiyo ina siku yake, na uidai. Mpigie kwanza mama mkwe, umwombe akupigie picha chochote cha mzee kilichobaki: nishani, cheti cha jeshi, hata barua. Kwenye karatasi hizo huwa kuna namba ya askari na jina la kikosi, na familia nyingi zina hazina hiyo sandukuni bila kuisoma. Mumeo akirudi kazini, acha ale, ashushe pumzi. Kisha mwekee picha hiyo mbele yake, mwambie, "Nilimkosea babu, nisamehe," na umuulize alikuwa kikosi gani.

Akianza kusimulia usimkatize, hata ugali ukipoa. Na ukishalijua jina la kikosi, niandikie tena.