Jibu: Uzamili wa teknolojia ya ufundishaji, kazi ziko wapi?

Mwalimu, umeuliza kama ile semina ya kazi na masuala ya teknolojia ya ufundishaji kwenye masomo ya uzamili ni ya kujaza ratiba tu, na kama ukihitimu utaishia kutengeneza kompyuta za shule. Hapana kwa yote mawili, ingawa hilo la pili wakuu wengi wa shule bado wanaliamini!

Kazi kubwa ni ubunifu wa mafunzo. Unakaa na mtaalamu, tuseme nesi au ofisa wa benki, unamhoji mpaka ujue mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini, ndipo unapanga mazoezi, video na upimaji. Wengine husimamia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, vyuoni. Kwenye mabenki na mashirika kazi hii hukaa chini ya rasilimali watu, kwa hiyo usitafute tangazo lenye jina la shahada yako.

Darasani, usiupite haraka mjadala wa watafiti wa elimu Clark na Kozma. Mwaka 1983 Richard Clark alidai chombo cha kufundishia, kama video au kompyuta, chenyewe hakimfundishi mtu, kama vile lori lililoleta chakula lisivyobadilisha lishe yake. Robert Kozma akampinga mwaka 1991: kila chombo kina uwezo wake, na mwanafunzi huutumia kujenga maarifa. Mimi niko upande wa Clark, hasa nikiona shule inanunua vishikwambi kabla ya kuuliza vitafundishia nini.

Wakati unasubiri udahili, chukua mada moja unayoifundisha uiandalie somo fupi kwenye Moodle. Programu yenyewe ni bure. Kwenye usaili utakuwa na kitu cha kuonyesha.