Kabla ya kuandika mahitaji ya mfumo, ichoreni kazi

Wadogo zangu mnaotoka SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Taasisi ya Karume na kuanza kazi ya uchambuzi wa mifumo ya kompyuta hapa visiwani, kuna swali moja nakuombeni mliache nyumbani: "Mnataka mfumo ufanye nini?" Mtu akiulizwa hivyo hutaja alivyoviona kwengine. Atataka ripoti, atataka ujumbe wa simu, atataka kila kitu kionekane kwenye simu ya mwenyekiti. Kazi yake mwenyewe hataitaja, kwa sababu anaifanya kila siku na haoni kama ina la kuelezwa. Muulizeni hivi: "Mwanachama wa mwisho aliyekuja kukopa, alipofika tu ulianza na nini?" Atajibu kwamba alimpa fomu. Endeleeni na "halafu?" na "akikosa je?", huku mkichora. Mahitaji ya mfumo yatatoka kwenye mchoro huo.

Mfano wangu ni ushirika mmoja wa kuweka na kukopa kule Wete, Pemba. Wanachama wake hawataki riba, kwa hivyo wanakopeshana kwa murabaha. Mvuvi anayetaka mashine ya boti hapewi pesa mkononi. Ushirika unainunua ile mashine, kisha unamuuzia kwa bei ya kununulia pamoja na faida iliyotajwa waziwazi, naye analipa kidogo kidogo. Maombi yao kwetu yalikuwa ya mstari mmoja tu: wanahitaji mfumo wa mikopo. Programu za mikopo zinazouzwa tayari huwa na nafasi ya kiasi, muda na asilimia ya riba, na mtu mwenye haraka angebadilisha neno "riba" likawa "faida" na kuhesabu kazi imekwisha.

Tulipoichora kazi yenyewe, ikatoka hivi. Mwanachama analeta maombi na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wake. Karani anakagua akiba na wadhamini. Kamati inaamua. Mwanachama anatia saini ahadi ya kununua. Mhasibu analilipa duka, mashine inapokewa kwa jina la ushirika, ndipo mkataba wa mauzo unatiwa saini na mwenyewe anakabidhiwa mashine yake. Tizameni pale katikati, baina ya kulipa duka na kutia saini mkataba. Sharti la murabaha ni kuwa huuzi usichokimiliki. Ule mshale mmoja tu, unaotoka kwenye kupokea bidhaa kwenda kwenye mkataba, ndio uliotupa hitaji kubwa kuliko yote: mfumo usikubali kufungua mkataba wa mauzo kabla ya risiti ya ununuzi na hati ya mapokezi kuingizwa. Hakuna mjumbe wa kamati aliyelitaja hilo katika mazungumzo, na wote walikuwa wanalijua kama wanavyojua majina yao.

Msiishie kwenye mshale, ulizeni kinachoweza kutokea juu yake. Mashine ikivunjika njiani kutoka dukani, kabla ya mkataba kusainiwa, hasara ni ya nani? Ni ya ushirika, kwa sababu bado ni mali yake. Basi mfumo huu unaoitwa wa mikopo unahitaji rejesta ya bidhaa, yenye tarehe na saa ya kupokelewa na ya kukabidhiwa. Na mwanachama akichelewa kulipa? Bei ikishakubaliwa haiongezeki, kwa hivyo mfumo unaorundika adhabu ndani ya deni hauwafai. Wakitoza faini ili kuzuia uzembe, pesa ile haihesabiwi kuwa pato lao, huwekwa kando na kutolewa sadaka. Kwenye mchoro huo ni mshale unaokwenda kwengine kabisa, na kwenye programu ni akaunti nyengine kabisa. Hukumu za namna hii si zenu kuzitoa. Andikeni kwenye mchoro nani mwenye kauli ya mwisho, awe sheikh wao au kamati yao, na mumsikilize yeye.

Kuhusu alama, tumieni BPMN, yaani utaratibu wa alama za kuchorea hatua za kazi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004, toleo la 2.0 likachapishwa na OMG, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Alama zake ni nyingi mno, na kwa mahitaji ya mfumo mtatosheka na chache: duara la mstari mwembamba pa kuanzia, duara la mstari mnene pa kumalizia, kisanduku chenye pembe za mviringo kwa kila kazi, almasi pa kuamua, na almasi yenye alama ya kujumlisha pale kazi mbili zinapokwenda kwa pamoja. Kila mhusika ana safu yake. Safu ipewe jina la nafasi, lisiwe la mtu. Kule Wete mara nyingi mvuvi mwenyewe hutumwa dukani kuwa wakala wa ushirika, kwa sababu anazijua mashine kuliko karani. Akiwa wakala ananunua kwa niaba ya ushirika, akirudi kuwa mwanachama ananunua kwa ajili yake. Mkimchora mara moja kwa jina lake, mauzo mawili yatageuka moja, na murabaha wote utaharibika.

Jambo jengine ambalo wageni wengi wa kazi hii hulipita ni aina mbili za mishale. Mshale wa mstari mzima unakwenda ndani ya taasisi moja. Mshale wa vistari vilivyokatika unabeba ujumbe baina ya taasisi mbili, kama ushirika na duka. Tofauti hii ina uzito, maana duka haliko chini ya amri ya ushirika. Kila kinachovuka mpaka ule kinaweza kuchelewa, kuja nusu, au kutokuja kabisa, na mfumo lazima ujue wa kufanya: usubiri siku ngapi, umkumbushe nani, na pesa irudi vipi.

Siku ya mwanzo iacheni kompyuta ndani ya mkoba. Kateni karatasi, andikeni kazi moja kwenye kila kipande, vitandazeni juu ya jamvi, na muwaache wenye kazi wavipange. Mkiwawekea mchoro uliokwisha kupambwa kwenye skrini, wataitikia kwa heshima tu. Kipande cha karatasi mtu anakiondoa, anakirudisha, anabishana na mwenzake, na katika ubishi ule ndimo mnamopata yale ambayo hayamo kwenye kanuni za ushirika.

Kisha ombeni daftari. Safu zake zitakupeni taarifa za kuhifadhi, lakini nawasihi msome pembezoni, pale karani alipobananisha maneno kwa sababu safu hazikumtosha. Mkikuta pameandikwa "kalipiwa na shemeji yake", mmejua kwamba anayelipa si lazima awe mwenye deni, na risiti inahitaji majina mawili.

Mchoro wa kazi ilivyo sasa na mchoro wa kazi itakavyokuwa msiichanganye. Wapo wanaosema kuchora ya sasa ni kupoteza muda, kwa kuwa itabadilishwa. Mimi siafiki. Mchoro wa sasa usiwe wa urembo, lakini bila ya huo hamtajua mnaondoa kitu gani na nani alikuwa anakitegemea.

Mkishakubaliana juu ya mchoro wa itakavyokuwa, pitieni kisanduku kimoja kimoja na muulize kazi hii inafanywa na mtu peke yake, na mtu akitumia mfumo, au na mfumo peke yake. Aina mbili za mwisho ndizo zinazozaa mahitaji. Vipeni visanduku namba: kisanduku cha 7 kizae hitaji la 7.1 na 7.2. Mwenyekiti akija baadaye na ombi la kubadilisha, mtaona mara moja linagusa wapi. Na kila njia kutoka duara la kuanzia hadi la kumalizia ni jaribio moja la kuupima mfumo kabla ya kuukabidhi.

Mchoro hausemi kila kitu. Hesabu ya faida iandikeni kwenye jedwali lake. Siri za wanachama, nani aone akiba ya nani, zinahitaji maelezo yake. Kuhusu umeme na mtandao, Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hali ni bora sana kuliko enzi za majenereta, lakini kwenye kila kisanduku kinachotumia mfumo ulizeni: mtandao ukikatika hapa, karani afanye nini? Jibu huwa kwamba ataandika risiti ya mkono. Basi mfumo ukubali risiti ya siku iliyopita, pamoja na namba yake ya mkono na jina la aliyeiingiza.

Mwisho wa yote, chukueni faili la mwanachama aliyekwisha kulipa, kaeni na karani na mhasibu, mfuate karatasi moja baada ya nyengine kwa kidole juu ya mchoro wa kazi ilivyo sasa. Pale faili lilipokwenda njia ambayo haimo, usirekebishwe ushahidi wa faili, urekebishwe mchoro. Kisha faili la pili, la yule aliyekataliwa, na la tatu, la yule aliyefariki kabla ya kumaliza deni. Hilo la tatu ndilo refu kuliko yote, maana linaingiza warithi na wadhamini, na mara nyingi hakuna aliyelichora.