Siku Zisizo na Mpini: Upweke wa Korona Ulivyonichezea Akili

Dada yangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, hilo umenisimulia. Umenisimulia jana, na juzi pia." Nilikuwa katikati ya kumweleza habari za ndege wawili waliokuwa wakijenga kiota dirishani kwa jirani. Kwangu habari ilikuwa mbichi kabisa. Tulipoagana nilikaa kitandani nikajaribu kukumbuka jana nilifanya nini. Nilitafuta asubuhi, nikatafuta mchana, nikatafuta jioni. Peupe.

Ilikuwa 2020, miezi michache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi, kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima. Nilikuwa naishi peke yangu. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi, kwa hiyo ilihamia nyumbani bila shida: meza moja, kiti kimoja, kompyuta moja. Nilijiona nimebahatika, maana wengine walipoteza kazi na wengine walizika watu wao, na mimi sikupatwa na lolote kati ya hayo. Ndiyo sababu nilichelewa kukiri kwamba siko sawa. Nilikuwa najiuliza, nalalamikia nini hasa? Naandika haya kwa sababu wapo wengi waliopita njia hiyo wakanyamaza kwa aibu hiyohiyo, na wapo ambao hadi leo wanasema akili haijarudi ilipokuwa.

Ninalo bado daftari la mwaka ule. Tangu utotoni huandika mistari michache kila usiku kabla ya kulala. Kurasa za Machi zimejaa hadi pembeni. Aprili mwandiko unapwaya. Mei kuna ukurasa wenye maneno mawili yaliyorudiwa siku 11 mfululizo: "Kama jana. Kama jana. Kama jana." Kufika chini ya ukurasa, herufi zimekuwa ndogo kiasi kwamba lazima uusogeze karibu na macho.

Nilimpigia daktari nikiwa na hofu kwamba ubongo wangu umeanza kuharibika. Hakuanza na dawa. Aliniuliza nalala saa ngapi na naamka saa ngapi, lini mara ya mwisho nilionana na mtu ana kwa ana, na Jumanne nilishinda wapi. Nikamwambia, hapa. Na Jumatano? Hapahapa. Akasema: "Mtu husahau kitu alichowahi kukishika. Wewe hiyo Jumanne hukuishika kabisa, maana haikuwa na mpini."

Neno hilo la mpini halikunitoka. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinipunguzia hofu kuliko maneno yote ya faraja niliyoambiwa. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kulifunga tukio pamoja na mahali lilipotokea na wakati wake. Ukikutana na rafiki kituoni mvua ikinyesha, kituo, mvua na uso wa rafiki vinafungwa fundo moja, na siku nyingine ukivuta kimoja, vingine vinafuata. Mwaka 2011 mtafiti Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walionyesha kwamba hata kupita mlangoni tu kunamfanya mtu asahau zaidi alichokibeba kutoka chumba cha kwanza, kwa kuwa ubongo unafunga ukurasa mmoja na kufungua mwingine. Wengi tunauona usahaulifu huo kama usumbufu. Lakini ukikaa nao utaona kwamba milango hiyohiyo ndiyo inayoikata siku vipande vipande, na kumbukumbu inahitaji vipande. Mimi nilikuwa na kipande kimoja kirefu cha miezi mitatu.

Kulikuwa na Mfaransa, Michel Siffre, ambaye mwaka 1962 alishuka kwenye pango la Scarasson katika milima ya Alpi akakaa humo takriban miezi miwili bila saa na bila jua. Alipotoka tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 20 Agosti. Siku zote zile zilikuwa zimemponyoka. Na Desemba 2019, wakati wengi wetu hatujalisikia hata jina la korona, yalichapishwa matokeo ya watu 9 waliokaa miezi 14 katika kituo cha utafiti cha Neumayer III, Antaktika. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu mojawapo ya hipokampasi zao ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 7, na protini inayosaidia seli za ubongo kustawi ilikuwa imeshuka kwenye damu. Watu 9 ni wachache, na baridi ya Antaktika siyo sebule yako. Hata hivyo nilipoyasoma nilielewa kwamba upweke na ukiwa wa mazingira vinaufikia mwili wenyewe, na kwamba nilikuwa nimejionea makosa bure.

Sasa nije kwenye moyo, kwa sababu nauona ndio mlango matatizo mengine yalipoingilia. Huzuni yangu haikuja na machozi. Ilikuja kama kutotaka. Simu ya rafiki ikilia niliitazama mpaka ikanyamaza, nikijiambia nitampigia baadaye, halafu baadaye hiyo nikaiona nzito zaidi. Wahenga walisema upweke ni uvundo, nami sasa naamini walikuwa wanaeleza kitu walichokiona kwa macho: kitu kilichofungiwa huanza kubadilika chenyewe kwa ndani. Aliyetengwa anapata njaa ya watu, na si kwa mafumbo. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Massachusetts, Marekani, waliwatenga watu 40 kwa saa 10 tu, kisha wakawaonyesha picha za watu wakiwa pamoja. Sehemu ya ubongo iliyoitikia ni ileile iliyoitikia picha za chakula walipokuwa wamefunga kula kwa saa 10. Tatizo ni kwamba njaa hii ikikaa sana hugeuka. Unaanza kuhisi watu wanakuchoka, ujumbe mfupi unauona wa kukukata, na unajitenga zaidi.

Wala hatukuwa wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi uliopitiliza na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25.

Umakini ndio ulionitisha kazini. Nilikuwa nasoma aya moja mara nne na jicho linafika mwisho bila kubeba kitu. Siku moja niliirudisha kazi ya mteja huku jina la mwandishi limekosewa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, mahali ambapo hata mtoto angeona. Nilifikiri ni uvivu. Lakini akili yenye hofu inapiga doria saa zote: nani anaumwa, takwimu za leo zikoje, kikohozi changu hiki ni cha nini. Ikishamaliza doria hiyo, kinachobaki kwa ajili ya aya ni kidogo. Ongeza mikutano ya video, ambako unatazamwa na nyuso nyingi kwa karibu, unajitazama mwenyewe, na huwezi kusogea kutoka mbele ya kamera. Mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizitaja hizo mwaka 2021 miongoni mwa sababu za uchovu wa mikutano hiyo, na mimi nilizijua kwa kichwa kuuma.

Kilichonisaidia kilianza na kitu kidogo sana: nilibadilisha kiti. Kazi niliihamishia dirishani, kusoma nikakuhamishia upande wa pili wa chumba, na kitanda nikakiachia usingizi peke yake. Nilipomaliza kazi nilifunga kompyuta, nikaiweka kabatini, nikavaa viatu nikatoka nje hata kama ni kuzunguka nyumba mara mbili, halafu nikaingia tena kana kwamba narudi nyumbani. Ukiwa na chumba kimoja tu bado unaweza: geuza kiti kielekee ukuta mwingine, badilisha taa, badilisha nguo. Unachotafuta ni ubongo upate mahali pa kusema "hapa imeishia ile, hapa imeanza hii." Kwangu hili lilishinda yote, na ndilo ningekuomba ulijaribu kwanza, kwa sababu halihitaji hamu. Mtu mwenye moyo mzito ukimwambia atafute hamu umempa mzigo wa pili. Kiti anaweza kukisogeza bila hamu yoyote.

Kutoka nje asubuhi nako kulinisaidia, maana mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili, na usingizi uliovurugika unavuruga kumbukumbu. Nilikuwa nabadilisha njia kila siku. Barabara zilikuwa tupu na barakoa usoni, lakini njia mpya ina mti mpya, mbwa mpya, geti lenye kutu usilolijua.

Daftari nalo nililiwekea sharti: ni mwiko kuandika chochote ambacho kingeweza kuandikwa jana. Usiku wa kwanza nilikaa na kalamu robo saa nzima, kisha nikaandika: "Sabuni imeisha, nimefungua ya kijani." Ni jambo dogo, lakini siku ile ninayo mpaka leo. Baada ya wiki mbili nilijikuta mchana naangalia mambo kwa nia ya kuyapeleka kwenye daftari jioni, na hapo ndipo umakini ulipoanza kurudi, kabla hata kumbukumbu haijarudi. Kwa kazi yenyewe nilijipa dakika 20 tu, simu ikiwa chumba kingine, kisha nasimama. Taarifa za habari nilisikiliza mara moja kwa siku.

Na watu. Ndugu yangu, usingoje kutaka kuongea ndipo upige simu. Mimi na dada tuliwekeana saa, na kwa sababu mara nyingi hatukuwa na la kusema, tulikuwa tunafanya kitu kwa pamoja: yeye anakunja nguo, mimi namsomea hadithi kwa sauti. Kulikuwa na jioni tulizokaa kimya dakika nyingi, nikisikia tu anavyopumua na anavyokung'uta shuka. Kama wewe ndiye uko nje na mwenzako amejifungia, tafadhali usimwambie ajikaze. Mpigie saa ileile kila siku, hata asipopokea, ili ajue kuna saa inayomngoja.

Yapo mambo ambayo kiti na daftari haviyawezi. Ukipita wiki mbili huna raha na chochote, hulali au unalala kupindukia, au mawazo ya kufa yakianza kukupitia kichwani, mtafute mtaalamu wa afya, na mawazo ya namna hiyo usiyalaze mpaka kesho. Kama uliugua korona yenyewe na ukungu wa akili umekaa miezi baada ya kupona, sema hivyo hospitalini, kwa sababu ugonjwa ule una njia zake za kuacha alama zisizohusiana na upweke. Na ukianza kupotea njia unazozijua, usijifariji kwa makala kama hii, nenda ukapimwe.

Dharura ya korona ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, lakini kujifungia hakukwisha. Wapo wanaouguza mzazi usiku na mchana, wapo wanaofanyia kazi chumbani wanapolala, wapo wazee wanaoshinda wakitazama ukuta mmoja. Nikikutana nao naitambua sauti ile, inayouliza leo ni siku gani halafu haingoji jibu.

Dada yangu hajaacha kunipigia. Kila mwisho wa maongezi huniuliza leo ilikuwa na nini ambacho jana haikuwa nacho. Wiki iliyopita nilimweleza kuhusu mtoto niliyemwona akijifunza baiskeli, baba yake akikimbia nyuma ameshika kiti. Jana, bila kunionya, akauliza yule mtoto alikuwa amejifunga nini kichwani. Kitambaa chekundu, nikamwambia, na kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka.