Mume amehamia sebuleni kwa sababu ya vitabu vyangu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka minane kwenye ndoa na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alilazwa, akaambiwa ana ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na tangu hapo anatumia dawa ya lithiamu. Kwa kuwa nampenda, nimejisomesha. Nimemaliza tawasifu nne za watu wanaoishi na ugonjwa huu, kimojawapo kitabu cha Kay Redfield Jamison, na napiga mstari kila ninapomwona mume wangu mle ndani. Shangazi, dalili ziko wazi. Anakunywa maji kupita kiasi, mikono inamtetemeka akishika kikombe, na kwenye harusi ya binamu yangu alicheka na kucheza hadi watu wakamtazama. Usiku huohuo nilimpigia kaka yake aje tumpeleke hospitali. Sasa mume amenuna, analala sebuleni, na mkoba wa dawa anakwenda nao kazini. Anasema amechoka kuishi na mimi pamoja na waandishi wangu. Je, hii si mania, ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, inaanza? Nimwambie daktari wake kwamba anakataa msaada?
Mke Mwenye Hofu

Marahaba, mwanangu. Mtu akishamwona mumewe analazwa, hata mgonjwa akigeuka tu kitandani yeye huamka. Pole sana kwa hilo.

Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeirudia nikimtafuta huyo mgonjwa unayenieleza, nikamkosa. Niliyemkuta ni mwanamume anayekwenda kazini, aliyefurahi harusini, na aliyekasirika baada ya mkewe kumwaibisha mbele ya kaka yake. Hukuandika kwamba halali. Hukuandika kwamba anafuja pesa, anaongea bila kituo, au amezuka na mipango isiyo na kichwa wala miguu. Mtu mwenye hofu kama yako angeyaona hayo, angeyataja kabla hata ya salamu. Kwa hiyo nakwambia waziwazi, niko upande wa mumeo.

Na kuna jambo umelificha. Mwanamume habebi mkoba wa dawa kwenda nao kazini bila sababu. Unamhesabia vidonge, mwanangu, naye anajua.

Tuje kwenye hizo dalili zako. Kiu, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kutetemeka kidogo mikono ni mambo yanayowapata wengi wanaotumia lithiamu. Huyo anayekunywa maji ni mtu anayemeza dawa yake! Umemaliza vitabu vinne, lakini ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa hukuifungua. Ungeifungua ungejua kwamba maji hanyimwi, kwa sababu mwili ukikauka dawa hupanda kwenye damu. Hata baadhi ya dawa za maumivu, kama ibuprofeni, huweza kuipandisha. Ndiyo maana mtu wa lithiamu hupimwa damu mara kwa mara kuangalia kiwango cha dawa, figo na tezi ya thairoidi. Kinachotakiwa kukushtua ni kutapika na kuharisha, kutetemeka kunakozidi ghafla, kupepesuka, ulimi kuwa mzito. Hapo dawa huenda imezidi mwilini na ni hospitali saa hiyohiyo. Hukunitajia hata kimoja.

Na harusi je? Kwa vigezo vya madaktari, mania kamili ni hali ya wiki nzima au zaidi, karibu kutwa nzima kila siku, isipokuwa iwe kali kiasi kwamba mtu analazwa kabla wiki haijaisha. Ile iliyo nyepesi, haipomania, nayo hutakiwa idumu angalau siku 4 mfululizo. Mtu aliyecheza jioni moja kwenye harusi alikwenda harusini kufanya kilichompeleka.

Sikwambii uviache vitabu. Mtu aliyepita humo akikueleza mwenyewe, unaelewa mambo ambayo daktari hana muda wa kukusimulia. Jamison, ambaye ni mwanasaikolojia na anaugua ugonjwa huohuo alioutibu kwa wengine, alikichapisha chake mwaka 1995, akaeleza alivyovutana na lithiamu kwa miaka kabla ya kukubali kwamba haishi bila hiyo. Ni kitabu kizuri. Lakini kalamu yako ilipita wapi? Mle ndani kuna kaka yake Jamison. Mania ilipomwachia rundo la madeni ya manunuzi, kaka huyo alikuja, wakaketi pamoja kupanga risiti na bili moja baada ya nyingine, akamsaidia kulipa. Ukurasa huo hukuupigia mstari, nina hakika, kwa sababu nawe ulimwita kaka, ukamwita aje kumbeba mwenzake.

Tafuta pia kitabu cha Kate Millett, mwandishi aliyeambiwa ana ugonjwa huohuo, cha mwaka 1990. Yeye aliacha lithiamu, na anasimulia jinsi watu wake wa karibu walivyomgeuzia macho. Akikasirika, ni ugonjwa. Akijitetea, ndiyo ugonjwa wenyewe. Juu ya kuacha dawa sikubaliani naye hata kidogo, maana kuikata lithiamu ghafla hurudisha ugonjwa na huongeza hatari ya mtu kujiua. Lakini kuhusu yale macho, msome polepole. Mumeo yumo mle, na wewe umo.

Wanawake wawili hao, ugonjwa mmoja, dawa moja, na kila mmoja ametoka na neno lake. Mumeo ni yupi kati yao? Hakuna. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu. Isitoshe, anayeandika tawasifu huchagua. Huweka usiku aliolazwa, pesa alizomaliza, watu aliowapoteza. Ile miezi aliyoamka, akameza kidonge, akapeleka watoto shule na kurudi kulala, haipati hata ukurasa. Mumeo kwa barua yako anaishi hiyo miezi, nawe unamlazimisha aingie kwenye sura ya hospitali.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa jambo hili. Mume akinyamaza, mke anafungua simu kutafuta maana ya mume kunyamaza. Mke akilia, mume anatazama video ya mtu asiyemjua akieleza kwa nini wanawake hulia. Wanajuana aina ya haiba, majeraha ya utotoni, nyota ya kuzaliwa, na bado mmoja hajamuuliza mwenzake, "Umeamkaje?" akasubiri jibu. Tumejifunza kuchunguzana, na mtu anayechunguzwa hafunguki, hujifunga. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na anayekilalia yuko hapo sebuleni, hujamuuliza kitu.

Kwa daktari mtakwenda, ila mwende wawili, na mume akiwa amekubali. Usiende kumshtaki. Huko muulizeni daktari jinsi ya kuandika mpango wenu wakati huu ambapo yuko sawa. Yeye ndiye aseme kilichotangulia kabla hajalazwa. Kwa wengi huanza na usingizi: mtu analala kwa saa mbili au tatu tu, anaamka na nguvu za ajabu, na kesho yake vilevile. Aseme yeye ni ishara gani ukiiona anakuruhusu umwambie, umwambie kwa maneno gani, nani apigiwe simu, na kadi ya benki ashike nani. Ikifika siku akazungumza habari ya kufa, hapo usisubiri ruhusa ya mtu wala kufungua kitabu. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali.

Leo usiku usimsomee ukurasa wowote. Muombe radhi ya ile simu ya harusini, bila kuweka "lakini" mwishoni. Kisha mpigie kaka yake, mumeo akisikia, umwambie ulikosea. Mkoba wa dawa usiuguse. Na asipotaka kurudi chumbani wiki hii, mpelekee blanketi sebuleni na umzimie taa mapema. Kwa ugonjwa wake, kulala vizuri kuna maana kuliko kulala wapi.