Machungwa yananitoka madoa, ni mafuta ya ganda?

SWALI: Asalam alaykum. Mie nauza machungwa, nayachukua Ndijani naleta Darajani. Mwezi wa tano yakianza kuja na masika haijakatika, nayaosha kwa sabuni mpaka yang'are, lakini siku ya pili tu yana madoa ya kahawia na mengine yashanywea. Kipupwe kikikolea hali inatulia. Mwenzangu sokoni kanambia ni mafuta ya ganda yanabadilika kwa msimu. Kweli? Na mbona yetu yanaiva na bado kijani?
Muuza machungwa, Unguja

JIBU: Waalaykum salam ndugu yangu. Mafuta yamo, tena ya aina zaidi ya moja. Juu kabisa kuna nta, nyembamba mno, inazuia maji ya tunda yasitoke, sasa wewe ukisugua na sabuni unaiondoa ndo maana linanywea. Lipanguse tu na kitambaa. Chini yake vile vidoto unavyoviona ni vifuko vya mafuta ya harufu, zaidi ya asilimia 90 ni limoneni, yaani kile kimiminika chenye harufu ya chungwa kinachoshika moto, libinye ganda karibu na mshumaa utaona cheche zinaruka. Masika ganda limeshiba maji, vifuko vimejaa pomoni, mtu akiangua asubuhi na umande wake, chungwa likaanguka puu, vifuko vinapasuka na yale mafuta yanaliunguza ganda lenyewe. Doa lako hilo! Kwa hiyo waambie wa Ndijani wasubiri jua likaushe mti, wachume kwa mkono, na yapangwe kwenye pakacha yasishindiliwe kwenye polo, maana pesa yako inapotelea hapo hapo.

Kubadilika kwa msimu kupo kweli, ila zaidi kwenye baridi kali kama Florida kule Marekani. Baridi ikiingia mti unaongeza mafuta yasiyoganda kwenye seli zake, si unaona nyumbani asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi yanaganda na ya alizeti hayagandi, basi ndo hivo. Kipupwe chetu usiku ni nyuzi 20 na kitu, hakifiki huko, kinachokusaidia wewe ni mvua kupungua.

Na rangi pia ni baridi, ukijani unaondoka vizuri usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, kwetu haushuki. Mteja akikataa chungwa kwa ukijani mkatie kipande aonje.